Nani Aliiua Klachi? Mbingu hadi Dar es Salaam na Pikapu Yangu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye mashineni ananiuliza ilikuwaje huko Dar es Salaam hata gari moja likanikalisha muda wote ule. Nimesimulia vipande vipande, huyu nikampa cha mwanzo, yule cha mwisho, na Jumapili baada ya misa nilimsikia mama mmoja akisimulia safari yangu nikashindwa kuitambua. Katika simulizi yake nilimpiga meneja kofi. Sikumpiga mtu. Basi nimekaa chini niiandike mwenyewe, ili anayetaka kujua asome, na anayetaka kofi atafute kwingine.

Kwa wasionifahamu vizuri: mimi ni mkulima wa mpunga hapa Mbingu, mama wa watoto watatu, na nina mashine ndogo ya kukoboa. Pikapu niliinunua mpya kabisa baada ya misimu mingi ya kujinyima, na ninaiendesha mwenyewe. Nilijifunza kuendesha mtoto wangu wa kwanza akiwa tayari sekondari. Ilipofika kijijini, wapo wanaume waliosema bila kuficha kwamba mwanamke ataiua mapema. Sikuwajibu. Nilipakia mpunga nikaenda Ifakara, kesho yake nikapakia tena.

Shida ilianza kwenye klachi. Nikikanyaga mafuta, injini inalia kwa nguvu, lakini gari linajivuta kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Kuna mafundi Ifakara ambao wangelifungua siku hiyo hiyo. Lakini kampuni iliyoniuzia ilinipa waranti yenye sharti: sevisi na matengenezo yote yafanyike kwenye karakana yao Dar es Salaam. Ukimpa fundi mwingine, hata kwa kubadilisha oili tu, waranti imekufa. Kwa mtu wa Kinondoni hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwa mtu wa Mbingu ni safari ya kuaga watu.

Safari ya sevisi iliyotangulia niliwaeleza kuhusu injini kulia. Waliniambia gari jipya huwa hivyo, litazoea. Wakabadilisha oili, wakaliosha bila kuombwa, wakanipa ankara iliyonifanya nikae kwenye kiti. Halafu gari halikuzoea.

Mume wangu, Baba Deo, alikuwa amebanwa na mavuno. Hakutaka niende peke yangu na gari bovu, akamwomba mdogo wake, Kanuti, anisindikize. Shemeji yangu Kanuti ni seremala, mrefu, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na akivaa shati lake jeupe na kofia anaonekana mtu mwenye mamlaka fulani. Ila hajui kuendesha gari. Hajawahi hata kujaribu.

Mbingu hadi Ifakara: kwenye tuta la reli

Tuliondoka asubuhi na mchele wa ndugu, ndoo ya kambare waliokaushwa na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, zawadi kwa binamu yangu Yusta anayeishi Kimara. Mvua zilikuwa zimekwisha lakini barabara ilikuwa bado na madimbwi. Niliendesha taratibu, gia ndogo, nikilibembeleza gari kama mgonjwa.

Kwenye njia ya reli tulikuta treni ya mizigo imesimama, mabehewa yake yamefunga barabara. Hakuna aliyejua imesimama kwa nini wala itaondoka lini. Watu walishuka kwenye magari na pikipiki, akina mama wakatokea na mihogo ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, ikawa kama gulio. Nilikula mihogo mingi kuliko nilivyokusudia. Nilichokuwa nawaza ni lile tuta. Gari lililosimama chini ya tuta lazima lianze kupanda likiwa halina mwendo, na langu lilikuwa halina nguvu ya kuanza.

Treni ilipoondoka, nikawasha na kujaribu. Injini ikalia, gari likasogea kidogo likagoma. Nyuma yangu walianza kupiga honi. Kanuti akashuka, akakusanya vijana, wakasukuma hadi magurudumu yakavuka reli. Alipokuwa anawashukuru, mzee mmoja aliyekuwa amesukuma naye akamshika bega, akamwambia amwache mama apumzike, ashike usukani mwenyewe, maana huko mbele barabara ni mbaya. Kanuti angeweza kumweleza. Alisema tu, "Sawa mzee, nimekusikia," akarekebisha kofia yake, akaja kukaa upande wa abiria.

Nilicheka. Wakati ule niliona ni jambo la kuchekesha.

Ifakara hadi Mikumi: abiria wa Kisawasawa

Ifakara tulijaza mafuta tu tukapitiliza. Baada ya hapo lami ni nzuri, na gari likishapata mwendo halikuonyesha ugonjwa wake. Nilianza hata kujidanganya kwamba limepona.

Kisawasawa tulisimama kununua ndizi. Muuzaji alikuwa bibi mwenye kanga mbili. Tulimwamkia shikamoo, naye baada ya kuitikia na kutuuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine, akamgeukia Kanuti na kumwomba amsogeze hadi Kidatu kwa mwanawe. Kanuti akamjibu kwa ukarimu mkubwa kwamba apande, nafasi ipo, kana kwamba gari ni lake. Bibi akapanda akakaa katikati. Niliponyanyua kanga yangu na kuingia upande wa usukani, aliniangalia, akamwangalia Kanuti, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Tulikwenda hivyo hadi alipoona hatufi. Ndipo akamnong'oneza Kanuti, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, akiuliza kama nimeanza kuendesha zamani.

"Namfundisha," Kanuti akasema. "Anaelekea vizuri."

Nilikaza macho barabarani. Bibi alinipigapiga goti akaniambia nisiwe na wasiwasi, nitajua tu. Tulipomshusha Kidatu alitupa mkungu mzima wa ndizi na kumshukuru mwalimu wangu. Nikamwuliza Kanuti somo linalofuata ni lipi. Aliona aibu kidogo, akasema bibi alikuwa na hofu na yeye alitaka tu atulie. Nilimwamini, na nadhani hata yeye alijiamini.

Kuanzia pale tuliingia kwenye malori ya miwa. Yanakwenda polepole, yamejaa hadi juu, na kwenye miinuko yanakaribia kusimama. Kila mwinuko nililiacha lori la mbele liende mbali ndipo nianze kupanda, ili nisilazimike kupunguza mwendo katikati. Wenye haraka walinipita wakinitazama. Harufu ya oili iliyoungua iliingia kupitia sakafuni, Kanuti akafungua kioo.

Mikumi hadi Morogoro: tembo, na chumba kimoja

Ndani ya hifadhi mwendo ni mdogo kwa sheria, na hilo lilinifaa. Tuliona swala wengi, na nyani waliokaa pembeni kama wanaongoja basi. Kisha foleni ikasimama. Tembo watatu walikuwa wanavuka, na mmoja, mkubwa, aliona barabara ni mahali pazuri pa kufikiri. Alisimama akitikisa masikio.

Mbele yangu kulikuwa na basi, nyuma lori la mafuta. Basi liliondoka, ikawa zamu yangu, na tembo alikuwa hatua chache tu pembeni. Nilijua nikikanyaga mafuta sana klachi itateleza, injini itapiga kelele, na yule mnyama atageuka kuona nani anamfokea. Niliweka gia ya kwanza, nikaachia klachi kidogo kidogo, mafuta karibu hakuna. Kanuti alikuwa anaimba zaburi kwa besi ya chini kabisa. Gari likatetemeka, likakubali, likaenda. Tulipita pembeni ya tembo taratibu, na tulipofika mbali Kanuti aliacha kuimba akasema, "Shemeji, wewe ni dereva." Sijasahau.

Morogoro tulitafuta nyumba ya wageni kabla ya giza. Dada wa mapokezi alituangalia, akaandika, akampa Kanuti ufunguo mmoja. Tulipomwambia tunataka vyumba viwili, alituuliza kwa upole kama tumegombana njiani. Kanuti alipoeleza kwamba mimi ni mke wa kaka yake, yule dada alishtuka zaidi, na ikabidi nimweleze habari yote ya klachi tangu mwanzo ndipo akatupa ufunguo wa pili. Tulikula wali na maharage kila mtu kwenye meza yake, kwa heshima ya familia.

Dar es Salaam: kwenye kiti cha ngozi

Foleni ya kuingia Dar inatosha kulimaliza gari zima. Tulifika kwa Yusta Kimara jasho likitutoka, jogoo akiwa na nguvu kuliko sisi. Kesho yake tukaenda karakana.

Wanaoijua watakubali kwamba mapokezi yake ni mazuri kuliko nyumba nyingi tulizowahi kulala. Kuna viti vya ngozi, baridi ya kiyoyozi, kahawa ya bure, na picha za magari yakipita kwenye matope ambayo hayajawahi kuyachafua. Tulipokewa na kijana nadhifu aitwaye Ombeni, ambaye kazi yake ni kumsikiliza mteja kabla gari halijaingia ndani. Alimsalimu Kanuti kwa mkono akamwita bosi. Mimi aliniita mama, akanionyesha kahawa ilipo. Nilimweleza shida ya klachi, nikamwambia na kuhusu harufu ya oili. Alitikisa kichwa akiwa bado anamtazama Kanuti.

Kisha nikaomba kuonyeshwa msalani, maana tulikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Niliporudi Ombeni alikuwa amemaliza kuandika. Alisema watalijaribu barabarani, turudi kesho.

Kesho yake tulirudi tukangoja hadi mchana. Karibu yangu alikaa mzee mmoja mwembamba aliyevaa kanzu na balagashia, Mzee Hamisi, mwenye gari dogo alilokuwa amelileta kwa tatizo lile lile kwa mara ya tatu. Nilimwamkia, tukazungumza. Nilikuwa na wali na kambare kwenye hotipoti, nikamkaribisha, akala kwa mkono katikati ya viti vile vya ngozi, akaniuliza samaki huyu anatoka wapi. Nilipomwambia Kilombero alisema hajawahi kufika huko ila sasa anaona sababu. Alinipa na yeye alichokuwa nacho. "Mwanangu, hapa ukiambiwa kitu kimeisha, sema nionyeshe. Na usisaini mpaka umeona."

Ombeni alituita kwenye kimeza chake. Alisema wamelijaribu, klachi imeungua. Ni kifaa kinachoisha kwa matumizi, na kwa kuwa imeungua kabla ya wakati, chanzo ni uendeshaji mbaya: dereva anaacha mguu juu ya klachi muda wote. Kwa hiyo waranti haihusiki. Akageuza karatasi nione bei. Kwa pesa ile hapa kwetu ungenunua pikipiki na ukabaki na ya mafuta.

Ningependa kusema bei ndiyo iliyonichoma. Haikuwa bei. Ilikuwa yale maneno mawili, uendeshaji mbaya, yamepigwa chapa kwenye karatasi yenye jina langu. Niliwaona wale wanaume wa kijijini wakiyasoma.

Nilimwuliza amejuaje mguu wangu unakaa wapi. Akaonekana kushangaa. "Siyo wewe mama. Dereva wako mwenyewe ndiye aliyenieleza."

Nilimgeukia Kanuti. Alikuwa anatazama kofia yake mikononi.

Sikumwuliza kitu pale. Nilimwambia Ombeni sisaini chochote leo, gari libaki lilivyo, tutarudi. Mzee Hamisi aliniinulia mkono tukitoka. Kwenye basi la kurudi Kimara Dar ile yote ilikuwa inapita dirishani na mimi siioni.

Kimara: alichosema Kanuti

Yusta alikuwa amemchinja yule jogoo. Tulikula uani jua likiwa halijazama, na Kanuti hakugusa kipande chake. Hatimaye alisema.

Alisema nilipokwenda msalani, Ombeni alimwuliza, bosi, kwa kawaida unaendeshaje, barabara zenu zikoje. Tangu lile tuta la reli kila mtu alikuwa amemwita dereva, na alikuwa ameanza kuipenda hali hiyo. Mbele ya kijana yule, ndani ya baridi ile, aliona aibu kusema kwamba amekaa tu upande wa abiria. Akajibu kama dereva. Alieleza matope ya Mbingu. Ombeni akamwuliza kama mguu huwa unakaa kwenye klachi, na yeye, bila kujua klachi ni ipi kati ya vile vya kukanyagwa, akasema ndiyo, muda wote, kwa usalama.

Yusta aliweka sahani chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Baadaye aliniambia alikwenda kucheka kwenye mto.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilianza kuosha vyombo ambavyo havijatumika. Kanuti alinifuata, akasimama mbali kidogo kama inavyostahili.

"Shemeji, kesho nitasema," akaniambia. "Mbele yao wote. Hata wakinicheka."

Karakana: mstari wa njano

Asubuhi Kanuti aliacha kofia kwa Yusta. Nilitambua hilo tukiwa tumeshafika.

Tuliomba kumwona mkubwa wa mafundi. Ombeni alitueleza kwa adabu kwamba haiwezekani, wateja huhudumiwa mapokezi. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa mkabala na kimeza chake, nikamwambia nitangoja. Alikuja mteja wa kwanza, wa pili, na kila mmoja alinikuta nimekaa pale mikono mapajani. Sikupaza sauti. Nadhani kama ningepaza wangejua la kunifanya. Mwishowe alinyanyua simu, na akatoka mtu wa makamo mwenye ovaroli la bluu, Injinia Zakaria, msimamizi wa karakana.

Nilimweleza kwamba dereva wa gari lile ni mimi, peke yangu, tangu siku lilipotoka hapa. Injinia alisoma karatasi, akasema hapa imeandikwa dereva amekiri. Ndipo Kanuti akasogea mbele.

"Mimi nilisema uongo," akasema. "Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu."

Ombeni alisema, na nisimnyime haki yake, kwamba maneno sasa yanabadilika baada ya bei kujulikana. Nilimwelewa. Hata mimi ningedhani hivyo. Kanuti akamwangalia Injinia, akanyoosha mkono, akaomba ufunguo.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye yadi, mbele yake pamoja na nyuma pakiwa wazi. Mafundi kadhaa waliacha kazi wakaja kuangalia, na kupitia kioo niliwaona wateja wakisimama kutoka kwenye viti vya ngozi, Mzee Hamisi akiwa wa kwanza. Kanuti alikaa nyuma ya usukani, magoti yakagusa. Alitafuta pa kuchomeka ufunguo upande usio wake. Alipopapata aliwasha bila kukanyaga chochote, na gari, lililokuwa ndani ya gia, liliruka mbele kama chura na kuzimika. Aliwasha tena, likaruka tena. Watu walicheka sana. Niliona uso wake umejaa aibu, na bado alijaribu mara ya tatu, ili pasiwe na shaka. Kisha akashuka, akarudi akasimama pembeni yangu, jasho likimtiririka, na kunirudishia ufunguo mimi, si Injinia.

Nimewahi kuona watu wakisifiwa kwa ujasiri kwa mambo madogo kuliko hilo.

Injinia Zakaria hakuwa amecheka. Aliniambia atalifungua, lakini nielewe: akikuta ni dereva, nitalipia klachi na nitalipia na kazi ya kufungua. Nikasema sawa, ila lifunguliwe nikiona. Alisita, kwa sababu wateja hawaruhusiwi kuvuka mstari wa njano uliochorwa sakafuni. Tukakubaliana nisimame kwenye mstari wenyewe.

Nilisimama pale muda mrefu. Lazima niseme ukweli wa nilichowaza. Niliwaza barabara ya Mbingu wakati wa mvua, mzigo umejaa, na mguu wangu wa kushoto. Je, nina hakika? Nikaupitia mwaka mzima kwa mguu ule. Kujua kwamba Kanuti alidanganya hakukuwa na maana kwamba mimi sikukosea.

Walitoa gia boksi, kisha ile pleti ya klachi, duara jeusi kama sahani. Fundi alimpa Injinia, naye akaja nayo hadi kwenye mstari. Akapitisha kidole, akanionyesha. Kidole kilikuwa kinang'aa.

"Hii haikuungua kwa mguu," akasema. "Hii imelowa oili." Alieleza kwamba sili ya nyuma ya injini, ambayo kazi yake ni kuzuia oili isitoke, ilikuwa na kasoro na ilivuja tangu zamani. Oili ikawa inadondokea klachi, ndiyo maana ikateleza, ndiyo maana harufu. Akamwuliza Ombeni kama mteja aliwahi kulalamika. Nilijibu mimi: nililalamika sevisi iliyopita, kwenye kimeza kile kile, nikaambiwa litazoea.

Injinia aliiweka ile pleti chini. Kisha akamwambia Ombeni aandike upya: sili na klachi, vyote waranti.

Nilimwomba jambo moja zaidi. Nilitaka yale maneno mawili yafutwe kwenye kumbukumbu zao, na nione yakifutwa. Ombeni alidhani natania. Tulikwenda wote hadi kwenye kompyuta, akayafuta herufi kwa herufi, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Mzee Hamisi alisimama nyuma yangu, sijui kwa nini, labda kwa kusindikiza tu.

Vifaa havikuwepo stoo. Ilibidi tungoje viagizwe, na ndiyo maana nilichelewa kurudi, si kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na polisi, kama wengine walivyosema. Siku ya kulichukua gari nilikuta ankara nyingine: sevisi, kuosha, na bureki za mbele wanazosema zimeisha. Nikasema nionyesheni. Zilikuwa nene bado. Zikaondolewa. Kuosha nako nikakukataa, wakasema wameshaosha, nikawaambia pole. Sevisi nililipa, ghali kama kawaida, na hiyo sina la kujivunia. Ombeni hakuniomba radhi. Lakini nilipotoka alitangulia hadi kwenye gari, akafungua mlango wa upande wa usukani, akaushika hadi nikakaa.

Kurudi: gia ya tatu

Sitawachosha na njia ya kurudi, ila niseme hili. Baada ya Chalinze, barabara ikiwa wazi, niliweka gia ya tatu nikakanyaga, na gari likanisukuma mgongo kwenye kiti. Nilikuwa nimesahau. Kwenye miinuko ya kabla ya Kidatu niliyapita malori ya miwa moja baada ya jingine, nikiwapungia madereva, na Kanuti alihesabu kwa sauti hadi nikamwambia anyamaze.

Kabla ya malori hayo, Mikumi, tulikuwa tumesimama kula chipsi mayai. Muuzaji alimwuliza Kanuti gari linakula mafuta kiasi gani. Alimwelekeza kwangu kwa mdomo, akaendelea kula.

Tulipofika Mbingu watu walikuwa uwanjani wakianika mpunga. Baba Deo alikuja akilizunguka gari, akauliza ilikuwa nini. Nilifungua mdomo, lakini Kanuti alikuwa ameshaanza. Aliwasimulia wote, bila kuruka kitu, hadi pale gari liliporuka kama chura, na aliigiza kwa mwili wake mrefu jinsi lilivyoruka. Walicheka hadi wengine wakakaa juu ya mpunga. Mume wangu alicheka naye, kisha akaja akasimama karibu nami, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, akasema tu, "Mama Deo." Mnamjua, si mtu wa maneno.

Wiki iliyofuata nilikuwa njiani kwenda Ifakara, mzigo umejaa hadi springi zimekaa, simu ikalia. Niliegesha pembeni. Ilikuwa sauti ya binti, laini, akijitambulisha kuwa anatoka kwenye ile kampuni, na kwamba wana utaratibu wa kuwapigia wateja kuuliza kama wameridhika na huduma.

"Samahani mama," akasema, "naomba kuzungumza na mmiliki wa gari, au kama hayupo, dereva."

"Unazungumza nao wote wawili," nikamwambia. "Uliza."